Maneno ya korona ambayo bado mko nayo mdomoni, leteni hapa

mama_wawili_thika

Habari za jioni wadau. Jana nimechelewa kutoka kwaya, kufika mlangoni mzee wa nyumba ananiuliza mbona saa hizi, nikamjibu tu bila kufikiria "nilishikwa na kafyu". Yeye akacheka, mimi nikacheka, huyu mtoto wetu wa pili ambaye alizaliwa Agosti 2020 katikati ya hayo mambo yote akauliza mum kafyu ni nani. Ni NANI! Alidhani ni mtu alinishika njiani. Nikajaribu kumweleza nikaona hata mimi siamini ninachosema, eti kulikuwa na wakati ikigonga saa moja jioni mtu mzima mwenye kazi na kitambulisho anakimbia barabarani amebeba viatu mkononi kama mwizi wa mahindi.

Sasa tangu hapo nimeanza kujisikiliza na naona hii nyumba bado imejaa korona. Kafyu kwetu ni saa ya watoto kulala, ukisikia "kafyu imefika" hakuna mjadala. Mume wangu akitaka tunyamaze aangalie habari anasema "Kagwe, Kagwe!" na Mutahi Kagwe aliondoka wizara ya afya 2022, lakini kwa hiki kiti cha sebuleni bado anasoma namba za waliopimwa kila siku mchana.

Na kushikwa na kafyu mnajua ile maana ingine. Hiyo 2020 ndio ilikuwa sababu ya watu ambao hawajaoana kulala pamoja na mama mtu asiseme kitu, ulienda tu kurudisha chaja, saa moja ikakupatia huko, utafanya nini na serikali imesema. Mimi najua harusi mbili zilianza na chaja.

Swali langu: wewe unatumia neno gani hadi leo na lilitoka wapi? Sitaki yale ya TV, komesha korona na nini. Nataka yale mlikuwa mnasema kwa nyumba, kwa gari, kwa kazi, hata kama ni watu watano tu wanalijua.

konda_mstaafu

Madam umenirudisha mbali. Mimi hiyo time nilikuwa konda wa zile gari za kumi na nne, halafu tukaambiwa tubebe wanane. Sasa jina la gari likawa hilo, "wanane". Unauliza msee umekuja na nini anakwambia nilipata wanane. Nauli ya hamsini ikawa mia na abiria walitutusi matusi ambayo sijawahi kusikia tena, lakini hesabu ya mwenye gari haikupunguzwa, wapi.

Hapo ndio tukapata kuketi kikorona. Kuketi kikorona ni kuacha kiti kimoja katikati. Magari yalirudishiwa kujaza Agosti 2021 lakini hadi leo nikipanda gari kama abiria na nipate mtu amejitanua miguu yote miwili kama anakausha sufuria naskia tu mdomo unasema "boss korona iliisha, songa". Na anasonga! Hilo neno bado lina nguvu.

Kulikuwa pia na "maski ya mbele". Dere wa gari inayokuja akikupigia taa ujue karao, yaani polisi, wako mbele, basi mimi naimba "maski ya mbele jameni, maski ya mbele", gari nzima wanapandisha kutoka kwa kidevu. Tukishapita zinashuka zote kwa pamoja kama pazia. Nilikuwa na moja ya ziada imening'inia hapo kwa kioo ya abiria ambaye hana, na hiyo maski moja ilivaliwa na watu ambao nikianza kuwahesabu leo sitalala.

Sanitaiza nayo mwisho ilikuwa maji na kaspiriti ya kunusisha, tuliita maji ya baraka. Nakunyunyizia kwa mkono unajibu amina unaingia.

Na ukitaka kiti cha dirisha ulikuwa unakohoa mara mbili. Hiyo tuliita kubuku. Stage yetu mpaka sasa mtu akikohoa tunamuuliza umebuku ngapi.

msoo_wa_ruaka

konda_mstaafu we ni mnoma, maski ya kioo nayo 😂😂 nadhani mimi nilivaa hiyo

Yangu ni abnomali. Mnakumbuka Kagwe alisema tukiendelea kuishi kikawaida huu ugonjwa utatushughulikia isivyo kawaida, yeye alisema kwa kizungu chake cha tai na ikashika. Kwetu kwa ploti keateka akionekana tarehe tano kudai kodi tunaambiana "leo anatutriti abnomali". Bila mtu kukumbuka ilikuwa mambo ya ugonjwa.

Alafu kuna "mgeni rasmi". Bar zilikuwa zimefungwa ukitaka bia lazima ukae hoteli na uitishe chakula. So mnaitisha smokie, ile soseji, moja, moja, watu wanne. Inakaa kwa sahani katikati ya meza kutoka saa nane mchana, hakuna mtu anaigusa, inaanza kukunjamana, ikionekana karao mlangoni kila mtu anashika uma na kuitazama kwa heshima. Ndio tukaipa hilo jina, sababu iko mbele, imekaa peke yake, na hakuna mwenye anataka kusikia stori yake. Rais Uhuru akafunga hiyo njia pia Julai 2020. Saa hii kwa kikao mtu akiwa hanywi na hachangii tunamwita mgeni rasmi na hajui ni smokie tunamwita.

fundi_tabata

Poleni majirani mliokimbizwa barabarani. Sisi huku Bongo hatukufungiwa, shule zilifungwa Machi 2020 na kufika mwisho wa Juni watoto wote wamesharudi, daladala tuliambiwa level siti, yaani wote wakae hakuna kusimama, ikadumu kidogo ikaisha yenyewe. Kwa hiyo ukisikiliza utaona maneno yenu nyie yote yana polisi ndani, ya kwetu yana mvuke.

Nyungu jamani. Kwa wasiojua, unachukua chungu au sufuria kubwa, unatia mwarobaini, mchaichai, malimao na maganda yake, tangawizi, kila mtu na fomula ya mama yake, ikichemka unajifunika blanketi wewe na chungu chako mpaka utubu. Zamani nyungu ilikuwa ya homa au ya mtu mwenye mambo yake ya kichwani, ukisema unaenda kupiga nyungu watu wanakutazama mara mbili. 2020 Rais Magufuli mwenyewe akasifia kujifukiza basi ikawa kila kona, mpaka mabanda ya kujifukizia yakawekwa, limao likapanda bei likawa kama linatoka ng'ambo, ndege ikaenda Madagaska kuchukua dawa yao. Kijiweni kwetu mpaka leo mtu akishuka kwenye daladala la saa kumi na mbili jioni shati limelowa chapachapa hasemi nimechoka, anasema "nimetoka nyungu". Na ukiitwa na bosi ofisini ukakaa nusu saa mlango umefungwa, ukitoka tu wenzako wanakuuliza, vipi, mchaichai ulikuwepo?

La pili ni papai. Mei 2020 Rais alisema maabara ilipelekewa sampuli za papai na mbuzi kimya kimya, zimepewa majina ya watu, majibu yakarudi vina korona. Tangu siku ile kwetu mtu akisingiziwa jambo anasema "mimi papai". Nyundo imepotea, msaidizi wangu ndiye wa kwanza kuulizwa, ananiangalia kwa huruma, "fundi mimi papai tu." Nacheka mpaka nasahau nyundo, na nyundo hajairudisha mpaka leo kwa hiyo nina mashaka na hilo papai.

La tatu nalisema taratibu. Mwanzoni mwa 2021 huku neno korona lilikuwa halitamkwi, namba zilisimama kwenye 509 tangu mwaka wa nyuma wake na hazikusogea, lakini watu walikuwa wanaumwa na wanazikwa, na kilichoandikwa na kusemwa ni "changamoto ya kupumua". Sasa limeshakuwa la kwetu. Unamdai mtu elfu hamsini anakwambia kaka mwezi huu nina changamoto ya kupumua. Tunacheka wote. Ila kuna nyumba tatu mtaani kwetu nikipita mbele yake silitumii.

mkulima_subukia

Nyinyi wa mjini mlipoanza kusema karantini sisi huku tulishtuka kidogo. Karantini kwetu ni ya ng'ombe. Ugonjwa wa miguu na midomo ukiingia daktari wa mifugo anafunga soko, hakuna kuuza hakuna kuhamisha. Sasa redio ikatangaza Machi 2020 wanaotoka ng'ambo wote wapelekwe karantini, shosho, nyanya yetu, akauliza kama watawekwa namba kwa masikio.

Na hiyo kafyu mnayocheza nayo shosho aliijua kabla mama zenu hawajazaliwa. Wakati wa Emajensi ya mkoloni, vita vya Mau Mau, miaka ya hamsini, walikuwa wamefungiwa kwa vijiji na mitaro. Sisi tukilia eti saa moja yeye anatuangalia tu, anasema yenu ni kafyu ya usiku, yetu ilikuwa na ya mchana. Alikuwa analala saa kumi na mbili unusu bila mtu kumwambia. Mpaka Oktoba 2021 ilipoondolewa hakuna siku hata moja alichelewa.

mama_wawili_thika

Namba kwa masikio 😂😂😂 shosho apewe maua yake. Kumbe hata kafyu si neno la korona, lilikuwa tu limelala.

fundi_tabata nimeshika hiyo papai, hapa nyumbani inaanza leo. Na hilo la tatu nimeliskia.

mswahili_wa_Ruwi

Hayo ya neno kulala ngojeni nikupeni langu. Barakoa.

Nyie wa bara mnadhani barakoa imezaliwa 2020 na matangazo ya redio. Khaa! Bibi yangu mzaa mama Mungu amrehemu alizaliwa Unguja akaja huku Oman baada ya Mapinduzi, nina picha yake kavaa barakoa, ile ya kitambaa kigumu inafunika pua na mashavu inaacha macho, ina kigongo katikati. Wanawake wa Kiarabu wa zamani ndio vazi lao la kutokea nje, na huku Muscat ukienda sokoni bado utawaona wamama wa vijijini wanayo. Kamusi za zamani zinalo. Kisha likafa, vijana hata hawalijui, mpaka ugonjwa ulipoingia watu wa redio wakatafuta neno la maski wakalifufua. Shangazi yangu ana miaka themanini na ushei, aliposikia redioni "kila mtu avae barakoa, wake kwa waume", akainua mikono akasema alhamdulillahi dunia imerudi kwenye adabu. Tulipomwambia ni za daktari zile za buluu akakasirika. Akasema ile si barakoa, ile ni chujio la chai. Basi nyumbani kwetu ikawa chujio moja kwa moja. "Umechukua chujio lako?" Nina kaka yangu aliingia duka la dawa kwa haraka akaomba chujio, muuzaji Mhindi akamwelekeza duka la vyombo.

Jengine ni bangili. Ukiingia nchini ukitoka safari ulikuwa unavishwa bangili ya plastiki mkononi inaonyesha uko wapi, ukae ndani siku zako zitimie. Sasa hivi mwanamme akialikwa kahawani akasema hawezi, mkewe kamkataza, jawabu ni moja, "msameheni, kavishwa bangili."

fundi_tabata

Chujio!! Shangazi yuko sahihi kabisa, na za vitenge tulizoshona sisi huku tangu mwezi wa nne zilikuwa hata chai hazichuji

dada_wa_mwisho

Nimesoma zote nikicheka na sikutaka kuandika, sasa naandika.

Baba yetu alifariki Mei 2020, si korona, moyo. Sheria hiyo wakati Kenya mazishi ni watu kumi na tano. Sisi watoto ni saba. Ukiweka mama nane. Ukiweka mabwana na mabibi za wale wameoa na kuolewa umeshavuka. Tulikaa kwa meza ya kulia usiku na daftari tukaandika orodha, tunaandika tunafuta, kuna dakika kama arobaini hivi tulibishana kama padri anahesabiwa ama padri anakuja na namba yake. Kakangu mkubwa akasema hata Yesu aliweka kumi na mbili na bado mmoja akamharibia, tukacheka vibaya sana, mama akatoka chumbani kuangalia ni nini, na yeye akacheka, ndio mara ya kwanza tangu jumatatu.

Mjomba wetu, ndugu ya mama, hakuingia. Alikuwa wa kumi na sita. Alisimama nje ya ua na maski yake, kwa barabara, mpaka tukamaliza.

Basi kwa familia yetu "kumi na tano" ni neno. Ukinikosea nakwambia nakutoa kwa kumi na tano. Mpenzi mpya akiletwa nyumbani watu wanaulizana jikoni, huyu ni wa kumi na tano ama ni wa mia, sababu baadaye waliongeza wakafika mia. Na mjomba mwenyewe akipiga simu kuomba kitu anaanza "najua mimi ni wa kumi na sita lakini". Tunacheka. Yeye pia anacheka. Sina hakika kama anacheka.

mama_wawili_thika

Wa kumi na sita. Nimeweka simu chini kidogo nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeoshwa.

Pole dada. Na asante.

konda_mstaafu

Pole sana dada. Huyo mjomba mpelekee kilo mbili za nyama hii wikendi, usimwambie ni za nini.

mwl_wa_singida

Naomba nisogeze mada kidogo, maana nyie mnataja yaliyobaki mdomoni na la kwetu limebaki kwenye ukuta. Huku Tanzania korona iliitwa rasmi UVIKO, na kuna watoto wanadhani UVIKO ni jina la jengo. Serikali ilipata mkopo wa IMF wa shilingi trilioni 1.3 mwaka 2021, ukaitwa fedha za UVIKO, yakajengwa madarasa elfu 15 nchi nzima kwa miezi michache tu. Basi hapa shuleni pana madarasa ya zamani, na pana UVIKO. Mtoto anakwambia "mwalimu nimesahau daftari UVIKO", "mwalimu UVIKO pana joka", "sisi kidato cha kwanza tumehamishiwa UVIKO". Siku ya kwanza mzazi mmoja mgeni aliambiwa na mwanawe kwa simu kwamba darasa lote liko UVIKO, alifika hapa na pikipiki kabla ya kipindi cha tatu, amebeba malimao.

binamu_wa_minesota

Naongezea moja ya huku Marekani haraka haraka niko kazini. Ile hela ya serikali ya dola 1,200 ya 2020 sisi tuliiita Trump. Haijaingia akaunti, binamu yangu wa Morogoro keshapiga simu saa tisa usiku "vipi, Trump keshafika?" Ile ya 1,400 mwaka uliofuata ilikuwa ya Biden lakini hakuna aliyejisumbua kubadilisha jina. Grupu letu la familia mpaka leo mshahara ni Trump na Western Union ni mpakani.

msoo_wa_ruaka

mwl_wa_singida amebeba malimao 💀💀💀

mkulima_subukia

Huyo mzazi alikuwa tayari kupiga nyungu shule mzima. Mtu wa maana.

mama_wawili_thika

Nimeandika yote kwa daftari ya kwaya, nyuma ya sauti ya tatu. Sasa mnisaidie na moja ya mwisho. Huyu mtoto amepata picha za harusi ya dada yangu ya Novemba 2020, zile nyumba moja inavaa maski ya rangi moja, mpaka babu, mpaka watoto wa maua. Ameangalia weeee, sasa amekuja ananiuliza kwa sauti ya chini kama wale watu wote walikuwa wezi. Nimwambie nini?

konda_mstaafu

Mwambie kulikuwa na karao mbele.